Kivuli Kikae Nje ya Kioo

Maktaba za umma katika miji yetu ya kando ya ziwa hujaa mara mbili kwa siku. Asubuhi huja watu wazima: anayesomea mitihani ya uhasibu, anayepekua magazeti kutafuta kazi, mzee mstaafu ambaye kiti chake kinajulikana. Halafu saa kumi, shule zikishatoa, huingia watoto na sare zao, mabegi mgongoni, kila mmoja akiwahi meza. Wengi wao kwao hakuna meza ya kusomea. Iliyopo ni ya kulia chakula, ya kupigia pasi, na ikifika jioni ni ya mama kupangia mboga za kuuza kesho yake. Kwa mtoto kama huyo maktaba ndicho chumba chake cha kusomea, na saa mbili zile, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, ndizo anazozitegemea.

Saa hizo hizo ndizo jua la magharibi hupiga ukuta bila kizuizi.

Kazi yangu ni kuchora majengo, hapa hapa Kisumu. Mengi ni nyumba za kupangisha na maduka, mara chache madarasa. Hivi majuzi nilihudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu maktaba mpya inayopangwa katika mji mmoja wa pande hizi. Mji wenyewe sitautaja, kwa kuwa mpango bado uko mezani na ninachotaka ni urekebishwe. Picha iliyotundikwa ilikuwa ya kupendeza kwelikweli: orofa tatu, kioo kuanzia chini hadi juu, taa zikiwaka ndani, maji yakimetameta kwa mbali. Watu walipiga makofi, nami nawaelewa. Katiba ya 2010 imeziweka maktaba kwenye orodha ya majukumu ya kaunti, na mwananchi aliyengoja miaka yote hiyo akionyeshwa jengo la namna ile atafurahi tu.

Niliinua mkono nikauliza uso ule wa kioo unatazama wapi. Unatazama ziwa, nikajibiwa. Kwenye kiwanja kile ziwa liko magharibi. Nikauliza kivuli kitatoka wapi. Nikaambiwa vioo vitakuwa vya rangi, na ndani yatawekwa mapazia.

Nimeandika haya kwa sababu jibu lile halikuniingia, na pale kikaoni mtu hupewa dakika mbili tu.

Jua letu si fumbo. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia unaukuta mstari wa ikweta Maseno; Kisumu yenyewe iko kusini ya mstari huo kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Maana yake ni kwamba Machi na Septemba jua la mchana hutupitia utosini. Juni husogea kaskazini kwa nyuzi 23 na nusu, Desemba husogea kusini kiasi hicho hicho. Halizidi hapo, mwaka huu wala mwaka wowote ambao jengo hilo litasimama. Mchoraji wa Ulaya anahangaika na jua la msimu wa baridi analolitaka ndani na la kiangazi asilolitaka. Sisi hatutaki jua liingie ndani mwezi wowote. Tunachotaka ni mwanga wake.

Kuna jambo la pili ambalo watu wachache hulifikiria. Saa tunazovaa Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hupita karibu na Mogadishu. Kisumu iko kwenye nyuzi 34 na robo tatu. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu limechelewa kwa dakika 40 hivi ukililinganisha na saa ya ukutani. Linafika kileleni karibu saa saba kasoro dakika ishirini, si saa sita kamili. Alasiri yetu hurefuka. Mwezi wa Machi, saa kumi jioni, jua bado liko nyuzi 42 juu ya upeo. Saa kumi na moja liko nyuzi 27. Saa kumi na mbili, mkutubi anapoanza kukusanya vitabu mezani, bado liko nyuzi 12 na linaingia moja kwa moja usoni mwa aliyekaa karibu na dirisha.

Sasa chukua dirisha la urefu wa mita 1.5 kwenye ukuta wa magharibi na ulitafutie kivuli kwa kipaa cha juu kama tulivyozoea. Ili kulikinga saa kumi na moja jioni, kipaa hicho kitoke nje karibu mita 3. Saa kumi na mbili kitahitaji mita 7. Hakuna mkandarasi atakayekujengea hicho. Dirisha hilo hilo ligeuze litazame kaskazini au kusini: sentimita 65 zinatosha kulikinga mchana wa Juni au wa Desemba, na ukifikisha sentimita 90 umelikinga kwa karibu saa tatu kabla ya kilele na saa tatu baada yake, katika siku mbaya kuliko zote za mwaka. Sentimita 90 ni kipaa cha kawaida cha nyumba ya kijijini.

Ndiyo maana nasema maktaba ya hapa kwetu ianze kuwa jengo refu na jembamba lililolala kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha mengi yakitazama kaskazini na kusini. Uamuzi huo hauna gharama yoyote ukifanywa siku ya kwanza. Ukichelewa, hakuna fedha zitakazoununua.

Nirudi kwenye vioo vya rangi na mapazia, maana hoja hiyo husemwa kila mahali. Kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Likishaingia, hupiga sakafu, meza, migongo ya vitabu, navyo hupata moto na kuutoa tena kwa namna ambayo kioo hakiiruhusu kupita kurudi nje. Pazia la ndani huzuia mng'ao usimuumize msomaji macho, lakini joto limeshaingia, limekaa kati ya pazia na kioo na sasa linapanda darini. Kioo cha rangi nacho hunyonya joto kikawa cha moto chenyewe, kisha kikatufifishia mwanga hadi taa zinawashwa saa sita mchana. Vipo vioo vya kisasa vinavyopunguza joto vizuri zaidi, na bei yake ni ya kisasa pia, lakini hata hivyo havimwondolei mtoto jua la machoni.

Hesabu ndogo: alasiri ya anga safi, mita moja ya mraba ya ukuta wa magharibi hupokea zaidi ya wati 500. Kila kipande cha kioo cha mita 2 na nusu za mraba ni sawa na kuwasha pasi moja ya umeme na kuiacha ndani ya chumba. Hesabu vipande kwenye orofa tatu. Halafu hesabu siku ambazo stima hupotea, kwa sababu jengo la namna hiyo halikaliki bila mashine za kupoza hewa, na bili ya mashine hizo italipwa kutoka mfuko ule ule wa kununulia vitabu.

Kuna maktaba moja niliyoingia mara nyingi katika maisha yangu, nayo pia jina naliacha. Upande wake wa jioni una madirisha makubwa ya vyuma yasiyo na kivuli chochote. Wafanyakazi wamebandika magazeti kwenye vioo kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, na yale ya zamani yamekuwa rangi ya chai. Rafu iliyo karibu nayo ina kamusi na vitabu vya marejeo. Ukitoa kitabu kimoja unaona jalada lake la mbele bado jekundu, mgongo umekuwa wa waridi uliopauka, maandishi hayasomeki. Mkutubi amekwisha kujua kila kitabu kwa mahali pake. Alinionyesha kimoja ambacho kurasa zilikuwa zikimegeka pembeni alipozifunua. Karatasi ya bei nafuu ina kitu cha asili ya mti kinachoitwa lignini, na mionzi ya jua isiyoonekana hukigeuza njano na kuifanya karatasi ikakamae. Kusoma mezani kunahitaji mwanga wa laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500. Jua la moja kwa moja huleta hadi laksi 100,000. Mwanga wa kutosha tunao tele. Kazi yetu ni kuupunguza kabla haujafika kwenye kitabu.

Kwa nini basi nisiseme tu tuzibe ukuta wa magharibi kabisa? Hapa ndipo pagumu, na hapa ndipo pamenikalisha usiku.

Upepo wetu wa mchana unatoka ziwani. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya baridi kidogo hutoka ziwani kuja kuchukua nafasi yake. Kila mtu aliyewahi kukaa Dunga au Hippo Point alasiri anaujua upepo huo. Mchana wa Kisumu ni nyuzi 29, mara nyingi 30, na bila upepo chumba chenye watu mia hakivumiliki. Kwa hiyo upande tunaoukimbia kwa sababu ya jua ndio tunaouhitaji kwa hewa. Ukiuziba, umewakosesha watu pumzi. Ukiuacha wazi, umewaanika.

Njia ya kutoka ipo, kwa sababu upepo unaweza kukata kona na jua haliwezi.

Ipo mifano ya kusoma. Huko Phoenix, Arizona, mahali pa jua kali kuliko letu, maktaba kuu ya Burton Barr iliyofunguliwa 1995, kazi ya msanifu Will Bruder, imefungwa pande za mashariki na magharibi kwa kuta zilizovikwa shaba. Nyuma ya kuta hizo zimepangwa ngazi, vyoo, mitambo, vitu ambavyo havihitaji dirisha. Vioo vimewekwa kaskazini na kusini peke yake, na hata huko havikuachwa uchi: upande mmoja una matanga ya kitambaa kigumu, mwingine una mabapa yanayozungushwa kwa mota kufuata jua. Pale Ibadan, Nigeria, Maxwell Fry na Jane Drew walichora maktaba ya chuo kikuu miaka ya 1950 na wakaifunika kwa ukuta wa matundu, hewa ipite na jua likatwe. Sisi hatuhitaji mota. Jua letu linacheza ndani ya nyuzi 47 tu kutoka Juni hadi Desemba, na kitu kisichosogea kikipimwa vizuri kinatosha.

Ninachokipendekeza upande wa ziwa ni tabaka mbili. Ukuta wa ndani, ule wa chumba cha kusomea, uwe na milango ya kufunguka na madirisha ya luva ya juu na chini. Mbele yake kuwe na veranda ya mita 3. Ukingoni mwa veranda kusimame ukuta wa matofali ya matundu, ukiachwa wazi hapa na pale kwa ajili ya kutazama maji. Tofali la matundu si pambo, lina hesabu zake: tundu la urefu wa sentimita 8 lenye kina cha sentimita 15 huzuia jua mpaka lishuke chini ya nyuzi 28, yaani mpaka karibu saa kumi na moja ya Machi. Sehemu ya linalopenya baada ya hapo huishia kwenye sakafu ya veranda. Anayetaka kuliona ziwa atatoka na kitabu chake akae pale kivulini, na nina hakika ndipo mahali watu watapapenda kuliko pote.

Zile sehemu zilizoachwa wazi ndizo zilizonipeleka kwa fundi wa chuma pale Kibuye. Nilimchorea mabapa ya kusimama wima, upana sentimita 30, yameachana kwa sentimita 15, yameinamishwa nyuzi 45 kutazama kaskazini-magharibi. Yakisimama kuelekea magharibi moja kwa moja hayana faida, maana Machi na Septemba jua linashuka magharibi hasa na litapita katikati yake. Yakiinama hivyo, jua la Septemba hadi Machi halina pa kupita, na miezi hiyo ndiyo yenye joto letu la kuchosha. Juni vipande vyembamba vitaingia jioni. Juni na Julai ni miezi yetu ya baridi kidogo, nimekubali.

Fundi aliutazama mchoro, akaugeuza, akapiga bati kwa ukucha.

"Dada, hili litalia."

Nilimuuliza litalia vipi. Akachukua kipande cha bati la geji 16, akakishika juu na chini, akakitikisa kidogo. Ule mngurumo nilioutarajia kwenye radi ulijaa kibanda kizima. Kisha akakikunja ukingo mmoja sentimita mbili, akakunja na wa pili kwa upande wa kinyume, akakitikisa tena. Kimya. "Upepo wa ziwa ukipiga bati lisilokunjwa, wenye kusoma watakimbia," akasema. Akaniambia pia niache nafasi chini ya kila bapa maji yatoke, maana kutu huanzia pale maji yanapolala, na nisisahau ndege. Hakuna mtu kati ya waliokuwa kwenye meza kuu ya kikao ambaye angeniambia mambo hayo, na mwanamume huyu hajawahi kualikwa kwenye kikao cha aina hiyo. Tungemwalika.

Mbu na wadudu wa ziwa wana jibu la wavu kwenye luva. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo fungua eneo kubwa zaidi ya ulivyofikiria.

Paa. Hili nilitaka kuliandikia siku yake lakini haliepukiki, kwa kuwa kwenye ikweta paa ndilo linalopokea jua jingi kuliko kuta zote. Bati moja bila dari linakupa tanuri mchana, na mvua ya alasiri ikishuka kutoka upande wa vilima vya Nandi hakuna atakayesikia hata sauti yake mwenyewe. Paa la maktaba liwe mawili: la juu la bati la rangi nyeupe au ya kung'aa, la chini liwe zito, na kati yake hewa ipite huru. Francis Kéré, msanifu wa Burkina Faso aliyepewa tuzo ya usanifu ya Pritzker 2022, alipochora maktaba ya shule ya kijiji chake cha Gando alichukua vyungu vya udongo vilivyofinyangwa na wanawake wa kijijini, akavikata juu na chini, akavipanga kwenye dari kabla zege halijamwagwa. Kila chungu kikawa tundu: mwanga unashuka, hewa ya moto inapanda, na paa la bati lililoinuliwa juu yake linazuia jua na mvua. Kila nikipita kwa akina mama wanaouza vyungu vya Kiluo kando ya barabara nafikiria dari hiyo. Ufundi tunao, udongo tunao, na fedha zingebaki kwenye mifuko ya watu wa hapa.

Miti nayo. Msiala hukua wima na vizuri katika udongo wetu. Ikipandwa safu upande wa magharibi siku ya kuweka msingi, baada ya miaka kadhaa itakuwa inasaidia orofa ya chini. Isitegemewe peke yake.

Niliambiwa kikaoni kwamba haya yote yatafanya jengo lionekane la kizamani, kwamba vijana wanataka kitu cha kisasa. Nimelipima hilo kwa moyo safi. Kijana ninayemjua mimi anataka soketi ya kuchajia simu, intaneti isiyokatika na kiti ambacho hatakihama jua likisogea. Ukuta wa matundu uliopangwa kwa mkono wenye ujuzi, kivuli chake kikitembea sakafuni jioni nzima, ni wa kisasa kuliko kioo kilichobandikwa magazeti mwaka wa pili.

Maoni yangu ya maandishi nimeshayapeleka pamoja na michoro. Kikao kijacho kikitangazwa, nawe ukiwa mkazi wa pale, usiombe picha nyingine ya rangi. Omba wakuonyeshe jengo likiwa limekatwa katikati kutoka mashariki hadi magharibi, na mstari wa jua la Machi, saa kumi na moja jioni, ukiwa umechorwa mpaka pale unapoishia. Ukiishia kwenye sakafu ya veranda, mchoro upite. Ukiingia hadi kwenye rafu, urudi kwa mchoraji, nami niko tayari kukaa naye bila malipo tuupange upya.